Kolwezi 1963: Karatasi zilizomaliza vita, na askari waliobaki nje

Tarehe 21 mwezi wa kwanza 1963, askari wa Umoja wa Mataifa waliingia mji wa Kolwezi bila vita. Kolwezi ndio ulikuwa mji mkubwa wa mwisho uliobaki mikononi mwa serikali ya Moïse Tshombe, na kuingia kwao kulimaliza kujitenga kwa Katanga, kulikodumu miaka miwili na nusu. Bwawa la Nzilo halikulipuliwa. Viwanda vya Union Minière havikuteketezwa. Njia ilifunguliwa na karatasi: tangazo la tarehe 14, ahadi ya msamaha kutoka Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo, na mapatano yaliyotiwa sahihi tarehe 17.

Lakini miaka kumi na tano baadaye, tarehe 13 mwezi wa tano 1978, Kolwezi ilivamiwa na watu wenye silaha waliotoka Angola. Kundi lao lilikuwa na mizizi katika wajandarme wale wale wa Katanga, ambao vita vyao vilitangazwa kuwa vimekwisha mwaka 1963. Sasa namna gani vita vilivyomalizwa kwa sahihi na mihuri vikarudi katika mji ule ule? Sehemu kubwa ya jibu iko ndani ya karatasi zenyewe: zilisema nini, zilisema na nani, na nani alibaki nje.

Kwa wakaaji wa mashariki ya Congo, ambao kila mara husikia kwenye redio kwamba mapatano mengine yametiwa sahihi, jambo hili si historia ya mbali.

Amri ya jeshi ni karatasi ya namna gani?

Hotuba ya kisiasa huandikwa ili watu wapige makofi. Amri ya jeshi huandikwa ili itekelezwe kesho asubuhi. Ndiyo maana huwa fupi. Ina namba, ina tarehe na mahali, ina jina la mwenye kuamuru, na inataja wanaoamriwa. Inasema nini kifanyike, wapi, na saa ngapi. Kiisha inanakiliwa katika daftari la amri, na nakala zinatumwa kwenye kila kikosi.

Mtu anayetafuta ukweli wa vita fulani anapata faida kubwa hapo. Aliyeandika amri hakuwa anafikiria wajukuu zetu. Alikuwa anafikiria askari wake. Kwa hiyo amri mara nyingi hufunua mambo ambayo hotuba huficha. Ikiwa inakataza uporaji, uporaji ulikuwa unafanyika, au uliogopwa. Ikiwa inasema kwa mara ya tatu kwamba silaha zirudishwe, basi mara mbili za kwanza hazikurudishwa.

Amri ina upungufu wake pia. Inaonyesha kilichotakiwa kufanyika, haionyeshi kilichofanyika. Kati ya sahihi ya mkubwa na sikio la askari aliye porini kuna njia ndefu, na vita vingi vimeendelea kuua watu katika njia hiyo.

Uhuru uliochelewa Texas

Mfano unaojulikana zaidi duniani uko Marekani. Tarehe 1 mwezi wa kwanza 1863, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, Rais Abraham Lincoln alitangaza kwamba watumwa wote katika majimbo yaliyoasi ni watu huru. Lakini huko Texas, mbali na majeshi ya serikali, mabwana waliendelea kuwashika watumwa kama kawaida. Jeshi kubwa la waasi lilijisalimisha mwezi wa nne 1865, na bado Texas haikubadilika.

Tarehe 19 mwezi wa sita 1865, Jenerali Gordon Granger alifika bandari ya Galveston na kikosi chake, akatoa Amri ya Jumla Namba 3. Iliwajulisha watu wa Texas kwamba watumwa wote wako huru, na kwamba kati ya bwana wa zamani na mtumwa wa zamani kuna usawa kamili wa haki za mtu na haki za mali. Kutoka tangazo la Lincoln hadi siku ile ilikuwa imepita miaka miwili na nusu. Watu kama 250,000 walikuwa bado utumwani katika jimbo hilo.

Amri ile ina nusu ya pili ambayo wengi hawaitaji. Iliwashauri walioachwa huru wabaki kimya pale walipokuwa na wafanye kazi kwa mshahara. Iliwaonya kwamba hawataruhusiwa kukusanyika kwenye kambi za jeshi, na kwamba hawatasaidiwa wakikaa bila kazi. Yaani karatasi moja ilifungua mlango na kumwambia mtu asiende mbali. Weusi wa Texas walishika nusu ya kwanza, na kuanzia mwaka uliofuata wakaifanya siku ile kuwa sikukuu. Mwaka 2021 ikawa sikukuu ya taifa zima. Mwaka mmoja kabla yake, watunza nyaraka wa serikali walikuwa wameipata amri hiyo katika daftari la amri la jeshi, imeandikwa kwa mkono.

Huku kwetu pia kuna mfano. Vita Kuu ya Kwanza ilisimama Ulaya tarehe 11 mwezi wa kumi na moja 1918. Jenerali wa Wajerumani wa Afrika Mashariki, Paul von Lettow-Vorbeck, alipata habari siku chache baadaye, karibu na mto Chambeshi, kaskazini ya Zambia ya leo. Silaha aliziweka chini tarehe 25, kule Abercorn, mji unaoitwa sasa Mbala, si mbali na ncha ya kusini ya ziwa Tanganyika. Vita vilikuwa vimekwisha Ulaya, na wapagazi wa Afrika walikuwa bado wanabeba mizigo yake.

1960: uhuru haukufika kambini

Congo ilipata uhuru tarehe 30 mwezi wa sita 1960. Sherehe zilifanyika, bendera ikabadilika. Lakini katika jeshi, lililoitwa Force Publique, maofisa wote walibaki Wazungu. Siku chache tu baada ya uhuru, mkubwa wa jeshi hilo, Jenerali Émile Janssens, aliwakusanya askari akaandika ubaoni kwamba kabla ya uhuru ni sawa na baada ya uhuru. Haikuwa amri yenye namba wala muhuri, lakini askari waliisoma kama amri. Kwao ilimaanisha kwamba uhuru wa nchi hauwahusu.

Waliasi. Waziri Mkuu Patrice Lumumba alimpandisha kila askari cheo kimoja, kiisha akamwondoa Janssens. Tarehe 8 mwezi wa saba serikali iliamua kuweka Wakongomani kwenye nafasi za maofisa. Victor Lundula, aliyekuwa meya huko Jadotville, mji wa shaba unaoitwa leo Likasi, akawa mkubwa wa jeshi. Joseph Mobutu akawa mkuu wa wafanyakazi wa jeshi. Force Publique ikaitwa Jeshi la Taifa la Congo.

Uamuzi huo ndio uliofanya uhuru uingie kambini, lakini ulikuja katikati ya moto. Tarehe 11 mwezi wa saba, Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga. Katanga ikaunda jeshi lake, jandarmeri ya Katanga, likiongozwa na maofisa wa Ubelgiji, na baadaye likasaidiwa na mamluki, wale watu waliowaita mersenere. Nyuma ya yote ilikuwa pesa ya shaba na kobalti ya Union Minière.

Kolwezi, siku za mwisho

Karatasi zilitiwa sahihi mapema, lakini hazikushika. Tarehe 21 mwezi wa kumi na mbili 1961, kule Kitona, Tshombe alikubali kwa maandishi umoja wa Congo na kumtambua Rais Kasavubu. Aliporudi Élisabethville, leo Lubumbashi, jambo halikuendelea. Kujitenga kulidumu mwaka mmoja mwingine.

Mwisho wa mwaka 1962, baada ya wajandarme kuwapiga risasi askari wa ONU, jeshi la Umoja wa Mataifa lilipokea amri ya kwenda mbele. Tarehe 28 mwezi wa kumi na mbili lilianza kuuteka mji wa Élisabethville. Siku mbili baadaye lilikuwa Kipushi na Kamina. Tarehe 3 mwezi wa kwanza 1963 liliingia Jadotville. Tshombe na mawaziri wake walijikusanya Kolwezi, pamoja na wajandarme na mamluki waliokuwa wamebaki. Baruti ziliwekwa kwenye bwawa la Nzilo, wakati ule likiitwa Delcommune, juu ya mto Lualaba, na kwenye viwanda vya Union Minière. Tisho lilikuwa wazi: mkija, tutaharibu yote.

Mtu wa Kolwezi anaelewa mara moja uzito wa tisho hilo. Umeme wa bwawa ndio ulioendesha migodi na viwanda. Kama Nzilo ingelipuliwa, maji yangeshuka na kazi ingekufa, na pamoja na kazi mshahara, duka, hospitali na shule za kampuni. Ndiyo sababu wakubwa wa kampuni, waliokuwa wamesaidia Katanga kwa muda mrefu, nao walitaka sasa vita viishe.

Tarehe 14 mwezi wa kwanza, kutoka Kolwezi, Tshombe na mawaziri wake walimtumia Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, U Thant, ujumbe. Walisema wako tayari kutangaza mbele ya dunia kwamba kujitenga kumekwisha, na kwamba askari wa ONU watapita popote katika Katanga. Waliomba neno moja: msamaha ulioahidiwa na serikali ya Léopoldville mwishoni mwa 1962 utumike. Léopoldville ikathibitisha kwamba msamaha unasimama. Tarehe 17, kule Élisabethville, Tshombe alitia sahihi mapatano ya kuingia kwa ONU Kolwezi kwa amani. Siku nne baadaye waliingia.

Zilisema nini, hazikusema nini

Zikisomwa polepole, karatasi zile zinaonyesha watu watatu wakizungumza: Tshombe, Léopoldville na Umoja wa Mataifa. Kila mmoja alipata alichotaka. Tshombe alipata usalama wake na wa mawaziri wake. Léopoldville ilipata nchi nzima. ONU ilipata mji bila damu na viwanda bila moto. Wakaaji wa Kolwezi walipata faida yao pia, tena kubwa: waliamka tarehe 22 nyumba zao zikiwa zimesimama.

Aliyetajwa bila kuzungumza ni mjandarme. Katika karatasi alikuwa mtu wa kusamehewa, wa kuweka silaha chini, wa kuingizwa katika jeshi la taifa. Lakini jeshi hilo la taifa ndilo alilopigana nalo miaka miwili. Mshahara wake utatoka wapi? Cheo chake kitahesabiwa? Atapelekwa wapi, na nani atakuwa mkubwa wake? Kwa mwenye bunduki maswali hayo ndiyo mkataba wenyewe.

Dalili zilionekana mapema. Kabla Kolwezi haijafunguliwa, Tshombe aliwaamuru wajandarme wa Baudouinville, leo Moba, kando ya ziwa Tanganyika, wajisalimishe. Badala ya kujisalimisha walitoka mjini, na wakaaji wengi wakatoka nao. Amri ya kuacha vita ilitoka kwa mkubwa wao wenyewe, na hata hivyo hawakuifuata. Huko Kolwezi, mamluki na sehemu ya wajandarme walishika njia ya Dilolo na mpaka wa Angola, wakati ule koloni ya Ureno, na silaha zao.

Mwezi wa pili 1963, Jenerali Norbert Muké, mkubwa wa jandarmeri, na baadhi ya maofisa wake waliapa kumtii Rais Kasavubu. Lakini waliojiandikisha kuingia jeshi la taifa walikuwa sehemu ndogo ya wajandarme wote. Wengine walirudi nyumbani kimya. Wengine walibaki msituni, au wakangojea ng'ambo ya mpaka.

Mnyororo wa miaka kumi na tano

Waliongojea waliitwa tena upesi. Mwaka 1964 Tshombe mwenyewe alirudi kuwa Waziri Mkuu wa Congo nzima, akawarudisha wajandarme kupigana na waasi wa Simba mashariki. Mobutu alipochukua nchi mwaka 1965, hawakumwamini, naye hakuwaamini. Walifanya uasi Kisangani mwaka 1966. Mwaka 1967 baadhi yao waliasi pamoja na mamluki wa Jean Schramme na kushika mji wa Bukavu kutoka mwezi wa nane hadi wa kumi na moja. Wazee wa Kivu ya Kusini wanaikumbuka vita hiyo.

Kiisha likaja jambo lililoharibu neno msamaha kwa miaka mingi. Mwaka 1968 Pierre Mulele, aliyeongoza uasi wa Kwilu, alirudi kutoka Brazzaville baada ya kuambiwa kwamba amesamehewa. Mwezi wa kumi mwaka ule ule aliuawa. Baada ya hapo, mkimbizi aliyesikia redio ya Kinshasa ikitangaza msamaha alikuwa na sababu ya kufikiri mara mbili.

Kule Angola, Wareno waliwatumia wajandarme wa zamani dhidi ya wapigania uhuru wa nchi hiyo. Wareno walipoondoka mwaka 1975, walisimama upande wa MPLA. Chini ya Nathaniel Mbumba walikuwa wameunda chama cha kijeshi, FNLC. Wakimbizi wengine na vijana waliokulia kambini waliingia, kwa hiyo si kila mpiganaji wa baadaye alikuwa mjandarme wa 1963. Lakini mzizi ulikuwa huo.

Mwezi wa tatu 1977 walivuka mpaka, wakafika Mutshatsha, wakarudishwa kwa msaada wa askari wa Morocco. Mwezi wa tano 1978 walifika Kolwezi yenyewe. Kwa siku kadhaa mji ulikuwa mikononi mwao. Tarehe 19 askari wa miavuli wa Ufaransa waliruka juu ya mji, na kesho yake Wabelgiji wakafika. Mamia ya Wakongomani walikufa, na Wazungu zaidi ya mia moja. Magazeti ya Ulaya yaliwaandika Wazungu kwa majina. Wakongomani wengi waliandikwa kama hesabu tu, tena hesabu isiyofanana kutoka gazeti moja hadi jingine.

Baadaye mwaka ule, Mobutu alitangaza msamaha kwa wakimbizi na kupatana na Rais Agostinho Neto wa Angola. Watu wengi walirudi. Wengine hawakurudi. Mwaka 1997, askari walioitwa Tigre, wenye mizizi hiyo hiyo, waliingia kutoka Angola kumsaidia Laurent-Désiré Kabila kumwangusha Mobutu. Miaka thelathini na nne ilikuwa imepita tangu sahihi ya tarehe 17.

Kuisoma karatasi ya amani

Mashariki ya Congo haijakosa karatasi. Mapatano ya Goma ya tarehe 23 mwezi wa tatu 2009, kati ya serikali na CNDP, yaliahidi msamaha na kuwaingiza wapiganaji katika jeshi. Miaka mitatu baadaye kundi jipya lilijipa jina la tarehe hiyo, M23, likisema kwamba mapatano hayakuheshimiwa. Wengi wanapinga madai yao, na wakaaji wamelipa gharama yake kwa damu. Lakini jina lenyewe linaonyesha kwamba karatasi isiyotekelezwa inaweza kugeuka kisingizio cha vita vipya.

Yaliyopita Kolwezi yanampa mkaaji wa kawaida maswali ya kuuliza kila tangazo la mwisho wa vita linaposomwa redioni:

Nani ametia sahihi, na nani ana bunduki? Ikiwa si watu wale wale, kuna amri gani inayotoka kwa wa kwanza kwenda kwa wa pili?

Amri inataja siku na mahali pa kukusanyika, au inasema tu kwamba silaha ziwekwe chini?

Msamaha unamhusu nani, kwa makosa gani? Na waliotendewa makosa hayo wameandikwa wapi?

Mpiganaji wa kawaida ataishi vipi mwezi unaofuata?

Na tangazo limetolewa kwa lugha gani? Karatasi ya Kifaransa inayosomwa kwenye hoteli ya mbali haijafika bado kijijini.

Karatasi za zamani ziko wapi

Nyaraka za jeshi la ONU la miaka ile ziko katika hifadhi ya Umoja wa Mataifa, New York. Nyaraka za Union Minière ziko Ubelgiji, katika hifadhi ya serikali kule Brussels. Kwa hiyo mwana wa Kolwezi anayetaka kusoma kilichoandikwa juu ya mji wake lazima atazame mbali.

Lakini si vyote vimekwenda. Katika nyumba za Lualaba, Haut-Katanga na Tanganyika kuna masanduku yenye karatasi za kazi za baba, kadi za jeshi, barua zilizotoka Angola, vyeti vya kurudi nchini. Wengi huzichoma mzee anapokufa, au huzifungia karanga. Karatasi ya namna hiyo inaweza kusaidia familia kudai haki, na inaweza kuonyesha kwamba mtu fulani alisamehewa siku fulani, na mkubwa fulani alitia sahihi. Inafaa kuiweka mahali pakavu, kuipiga picha kwa simu, na kuandika nyuma ya nakala jina la mzee na mwaka.

Na wazee waliokuwa Kolwezi mwezi wa kwanza 1963 wanazidi kupungua. Waliokuwa na miaka ishirini siku ile wamepita themanini. Swali la kuwauliza ni rahisi: ulisikia namna gani kwamba vita vimekwisha, nani alikuambia, na uliamini?